Samaki wa baharini wanakufa tangini na hujui kwa nini? Anza hapa kabla hujamwaga dawa

Swali ni lile lile, na mara nyingi linaingia kwenye simu yangu kabla ya saa mbili asubuhi: "Kaka, maji ni safi kabisa, nimepima, na bado samaki wamekufa. Jana jioni walikula vizuri tu." Inafuata picha ya samaki amelala ubavu mchangani, halafu ujumbe wa pili: "Niweke dawa gani?"

Usiweke yoyote. Bado.

Nimeamua kuandika yote mahali pamoja kwa sababu nimechoka kuyaandika vipande vipande kwenye WhatsApp, na kwa sababu miongozo mingi inayosomwa huku imeandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, wenye duka la matumbawe mtaa wa pili. Sisi tuko Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari, na Mombasa iko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Mambo kadhaa yanabadilika hapo, na la kwanza ni hewa. Nitalirudia hadi likukere.

Mwongozo huu ni wa tangi la matumbawe lililokwisha tulia. Kama lako halijafikisha wiki sita tangu ulijaze, huna fumbo: bakteria wa kula amonia hawajatosha na umeweka samaki mapema mno. Pima amonia, badilisha maji, acha kununua samaki.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usisubiri msiba ndiyo uende kuvitafuta. Vingi havipatikani kwa siku moja hapa mjini.

- Pampu ya hewa ya betri au ya kuchaji, pamoja na jiwe lake la hewa. Ukiweza kununua kitu kimoja tu leo, nunua hiki.
- Vipimo vya amonia, nitrati na pH. Soma tarehe ya mwisho kwenye chupa. Vipimo vinavyouzwa huku hukaa sana rafuni, na chupa iliyoisha muda itakupa sifuri ya uongo huku samaki wakiungua matamvua.
- Refraktometa, yaani kifaa cha kupimia chumvi ya maji, na maji ya kuisawazishia yenye chumvi ya 35 (gramu 35 katika kila kilo ya maji). Kuisawazisha kwa maji matamu kunaweka sawa ile sifuri tu; huku juu unakosomea inaweza kuwa imepotoka.
- Kipimajoto cha pili, cha kioo. Usiiamini namba iliyo kwenye hita yenyewe.
- Maji ya chumvi yaliyokwisha changanywa, angalau robo ya ujazo wa tangi lako.
- Tangi dogo la wagonjwa, lita 40 hadi 60, lisilo na mchanga wala mawe. Ndani yake weka hita, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, na sponji lililokaa wiki kadhaa kwenye tangi kubwa.
- Mkaa wa kuchujia wa matangi ya samaki. Huu si ule wa kwenye sigiri, na ndiyo, nimewahi kuulizwa.
- Tochi, sahani nyeupe, daftari.

Hatua ya 1. Ongeza hewa kwanza, maswali baadaye

Washa pampu ya hewa, elekeza pampu ya mkondo juu ili uso wa maji uchemke kama chungu cha maharage, fungua madirisha. Fanya hivyo hata kama una uhakika tatizo ni jingine. Hewa haijamuua samaki yeyote, na maradhi mengi ya samaki wa baharini humaliza kazi kwenye matamvua.

Sasa namba, mara moja tu. Maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji matamu. Kwenye nyuzi 26, maji matamu yakishiba hewa usawa wa bahari huwa na miligramu 8 hivi kwa lita. Maji ya chumvi ya 35 yana 6.6 hivi. Yapandishe maji hayo hayo hadi Kampala, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, yanabaki na takriban 5.7. Na hiyo ni pale yanaposhiba kabisa, kabla hata samaki mmoja hajavuta pumzi. Usiku matumbawe, mwani na bakteria wa kwenye mawe nao wanavuta oksijeni bila kutoa. Kwa hiyo tangi ambalo Mombasa lingevumilia samaki kumi na pampu mbovu, hapa litakuonyesha maiti saa kumi na moja alfajiri.

Baada ya nusu saa, kaa mbele ya kioo uhesabu samaki anafungua matamvua mara ngapi kwa nusu dakika. Andika. Wakitulia, umeshapata mshukiwa wako mkuu. Wakiendelea kuhema vile vile, matamvua yenyewe yana tatizo, na tutafika huko.

Hatua ya 2. Toa maiti na umtazame vizuri

Mtoe mara moja, maana akianza kuoza anatoa amonia na kula oksijeni. Lakini usimtupe. Mlaze kwenye sahani nyeupe, mulika tochi ya simu kwa ubavu, si kwa juu, na angalia:

- Mdomo wazi na vifuniko vya matamvua vimetanuka: huenda alikufa akitafuta hewa.
- Vumbi laini la rangi ya dhahabu au kijivu, kama unga uliopitishwa kwenye chekecheo: fikiria velveti, vimelea viitwavyo Amyloodinium.
- Chembe nyeupe zinazohesabika, kama chumvi iliyomwagwa: Cryptocaryon, ule ugonjwa wa vidoa vyeupe.
- Ute mzito na ngozi inayobanduka, hasa kwa nemo: vimelea vingine, Brooklynella.
- Inua kifuniko cha tamvua kwa kijiti. Chini yake pawe pekundu. Pakiwa peupe au pamejaa ute, andika.

Kosa la kawaida hapa ni kumkuta samaki ameliwa nusu na minyoo ya miiba, kisha ukaapa kwamba minyoo ndiyo iliyoua. Wale ni wala mizoga. Wamekuja mazikoni.

Na kama maiti haionekani, tafuta nyuma ya kabati. Samaki wa baharini wanaruka, na sisimizi wa Kampala wana kasi. Nilimkuta mmoja amebaki mwiba mtupu chini ya kochi, siku mbili baada ya kulaumu kaa.

Hatua ya 3. Andika nani amekufa, lini, na nani yuko hai

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayomaliza kesi nyingi. Kabla ya kipimo chochote, jaza daftarini majibu matatu.

*Nani alitangulia?* Wakitangulia wakubwa na wenye pilika, mfano kangaja, huku wadogo wakibaki, hewa ndiyo inatuhumiwa. Wakifa samaki pekee huku kamba, konokono na matumbawe wakiendelea na maisha yao, ni ugonjwa wa samaki au tena ni hewa. Wakitangulia kamba na konokono, geuka upande mwingine kabisa: sumu, shaba, au chumvi iliyopanda au kushuka ghafla. Kamba hawezi kufa kwa ugonjwa huo wa vidoa vyeupe wa samaki. Ukikumbuka sentensi hiyo moja utaokoa pesa nyingi.

*Saa ngapi?* Vifo vya alfajiri ni vya hewa. Vifo vya muda mfupi baada ya kusafisha tangi ni vya kitu ulichokikoroga au ulichokitia. Kifo kimoja kila siku mbili, kwa wiki nzima, kina harufu ya vimelea.

*Ni nini kilichokuwa kipya ndani ya siku 30?* Samaki, jiwe, chumvi ya kampuni nyingine, fundi aliyepaka rangi, dada mpya wa kazi, hata kava jipya la tangi. Kava la kioo lililozibana pembe zote huwazuia samaki kuruka, na hewa nayo linaizuia. Tumia wavu.

Mzee mmoja wa Muyenga aliniita baada ya kupoteza kangaja watatu kwa mwezi, mmoja mmoja, wote asubuhi. Alishanunua dawa za aina nne. Nilimwomba nilale kwake. Saa nane usiku umeme ukakatika, na ule umeme wa betri wa nyumba ukaingia bila hata taa kupepesa. Friji ikaendelea kunguruma, televisheni ikabaki na kitaa chake chekundu. Tangi kimya. Fundi aliyefunga ile mitambo hakuwa ameiunganisha soketi ya pembeni, na kwa kuwa umeme ulikuwa ukirudi kabla ya watu kuamka, hakuna aliyewahi kuona. Maji yalikuwa safi kama alivyodai. Alihitaji waya wa mita nne.

Hatua ya 4. Pima, kwa mpangilio huu

1. *Joto.* Liwe kati ya 24 na 27. Usiku wa mvua Kampala nyumba hushuka hadi nyuzi 18 au chini yake, kwa hiyo hita inafanya kazi kweli kweli, na hita inayofanya kazi sana ndiyo inayoganda ikiwa imewaka. Maji yakifika 30, oksijeni inapungua huku samaki wakihitaji zaidi. Hita mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa: moja ikiganda haina nguvu ya kupika tangi zima.
2. *Chumvi.* 35, au uzito linganifu wa 1.025 hadi 1.026. Maji yanayokauka huacha chumvi nyuma, kwa hiyo unaongeza maji matamu yaliyochujwa. Bado kuna wanaoongeza maji ya chumvi kila asubuhi, na baada ya miezi mitatu wako juu ya 40.
3. *Amonia.* Iwe sifuri. Kwa pH ya baharini, 8.0 hadi 8.4, sehemu kubwa zaidi ya amonia iko katika hali yake ya sumu kuliko ilivyo kwenye tangi la maji matamu, kwa hiyo usijifariji kwa "kidogo tu".
4. *pH.* Ikiwa chini ya 7.9, chukua kikombe cha maji ya tangi, kitoe nje kwenye veranda na ukitilie hewa kwa saa moja, kisha pima tena. Ikipanda, nyumba yako imejaa kaboni dayoksaidi. Fungua madirisha.
5. *Nitrati.* Ikiwa juu sana ni dalili ya uchafu, lakini haiui samaki wazima usiku mmoja. Kuhusu nitriti usikose usingizi, kwa kuwa kloridi ya maji ya bahari huwakinga samaki dhidi yake.

Kalisi na magnesi ni mambo ya matumbawe. Hayaui samaki. Yaache leo.

Hatua ya 5. Ihoji nyumba

Uliza kwa upole. Ukiuliza kwa hasira utadanganywa, na utakuwa umejitakia.

Kwa jirani yangu kamba watatu walikufa mchana mmoja, nemo akawa anazunguka kama amelewa. Mwenye nyumba alishaanza kupaza sauti. Nikakaa jikoni na dada wa kazi, tukanywa chai, nikamuuliza habari za mbu. "Wamezidi, kaka. Lakini mimi sipulizi karibu na samaki. Napuliza tu kwenye pazia." Pampu ya hewa ilikuwa nyuma ya pazia hilo, inavuta hewa ya pale na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Dawa nyingi za kupulizia mbu zina pairethroidi, ambazo binadamu anazistahimili lakini samaki na kamba zinawaangamiza kwa kiasi kidogo mno.

Basi waulize wote waliomo, hata askari wa geti: nani amepuliza dawa ya mbu au ya mende? Nani amepaka rangi au vanishi? Sigiri imewashwa ndani na madirisha yamefungwa? (Hiyo ni hatari kwako wewe kabla ya samaki.) Nani ametia mkono tangini akiwa amejipaka losheni? Ndoo ya samaki imetumika kufulia? Jerikeni ya kubebea maji ilikuwa ya nini zamani? Jerikeni iliyowahi kubeba mafuta ya taa au sabuni haisafishiki. Nunua mpya, iandike SAMAKI kwa kalamu nene, ifiche.

Ukishuku sumu, weka mkaa mpya wa kuchujia mahali panapopita maji kwa nguvu, na ruka hadi Hatua ya 7.

Hatua ya 6. Fuatilia maji na chumvi hadi chanzo

Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Victoria na yanatiwa klorini. Yanafaa kwa chai. Kwa tangi la matumbawe yapitishe kwenye mashine ya kuchuja ya RO, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, yenye kichujio cha mkaa na resini mwishoni, na kipima-uchafu kisome sifuri. Kama tangi lako la juu ya nyumba haliko juu vya kutosha, mashine itakosa msukumo na itachuja vibaya. Funga pampu ndogo ya kusukumia.

Maji ya mvua yanavutia, hasa masika, mapipa yakifurika bure. Lakini yamepita kwenye mabati. Mabati yana zinki, na zinki ni sumu kwa kamba na matumbawe. Maji ya kisima yana madini yasiyojulikana mpaka yapimwe. Yote mawili yapitie RO.

Chumvi: nunua ile iliyotengenezwa kwa matangi ya matumbawe, gramu 35 hadi 38 hivi kwa lita, ichanganye kwa pampu kwa saa kadhaa kabla ya kuitumia. Chumvi ya mezani haina madini mengine yanayohitajika. Na kwa kuwa kila mwaka kuna mtu anayefikiri amegundua njia ya mkato: chumvi ya Katwe haifai. Ziwa Katwe si bahari. Lina kabonati na salfeti kwa uwiano wake lenyewe, na uwiano huo hauwafai viumbe wa miamba. Ipelekeeni ng'ombe.

Hatua ya 7. Badilisha maji, kwa utaratibu

Robo ya tangi, yenye joto na chumvi sawa na yaliyomo. Usibadilishe yote kwa hofu. Utawapa samaki mshtuko wa pili juu ya wa kwanza. Kama amonia bado ipo, rudia kesho.

Usichimbe mchanga mzito wakati huu. Chini kabisa, mahali pasipofika hewa, kunaweza kuwa na gesi ile yenye harufu ya mayai viza, na nimeona tangi lililokuwa gonjwa kidogo likafa lote kwa sababu mwenyewe aliamua kulifanyia usafi wa Idi.

Onyo kwa ajili yako wewe: usichemshe mawe ya tangi, wala usiyasugue kwa maji ya moto. Baadhi ya matumbawe laini yanayomea kama vifungo vya shati, zoanthidi, yana palitoksini, na mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini. Vaa glavu. Na chomoa hita na pampu ukutani kabla ya kutia mkono ndani. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno.

Hatua ya 8. Wagonjwa wahamie tangi la wagonjwa

Umefika hapa kwa sababu hewa ni nzuri, maji yamepimwa, nyumba imehojiwa, na samaki bado wanahema. Sasa ni ugonjwa, na sasa ndiyo tunazungumza dawa.

Velveti ndiyo ninayoiogopa. Samaki hujificha, hususia chakula, hupenda kuogelea kukabili mkondo wa pampu, anahema haraka, na ndani ya siku chache tangi limekwisha. Kamba na matumbawe hawana habari. Mara nyingi vumbi halionekani kabisa, maana vimelea huanzia kwenye matamvua. Usingoje kulithibitisha.

Vidoa vyeupe huenda polepole na hudanganya. Vidoa vikitoweka ukashangilia, vimelea vimeanguka tu mchangani kujigawa, na vitarudi vikiwa vingi zaidi.

Kwa yote mawili tiba iliyozoeleka ni dawa ya shaba, *ndani ya tangi la wagonjwa tu*, kwa kipimo cha kwenye chupa, na upime kiwango cha shaba kila siku kwa kipimo chake. Usiitie kwenye tangi la matumbawe hata muuzaji akikuapia. Mwaka wangu wa kwanza niliapiwa. Nikaimwaga jioni, na kabla ya adhana ya isha kamba wanne walikuwa wamelala chali. Mawe hufyonza shaba, na sikuyaamini tena. Leo yanashikilia vyungu vya maua barazani.

Brooklynella haisikii shaba. Dawa yake ya kawaida ni fomalini, ambayo ni sumu kwa mtu pia. Tumia iliyotengenezwa kwa samaki, dirisha wazi, kwa maelekezo yake, na usikisie kwa chupa ya maabara.

Ukishuku minyoo bapa ya ngozini, yaani samaki anajikuna kwenye mawe na macho yana ukungu, mwogeshe kwenye maji matamu kwa dakika tano, joto na pH vikilingana na vya tangi, jiwe la hewa likiwa ndani. Wengine huyaita maji baridi, na kuna kijana aliyenielewa hivyo akatoa chupa kwenye friji. Minyoo ikiwepo itadondoka chini kama ufuta uliofifia.

Hatua ya 9. Acha tangi kubwa bila samaki

Vimelea vya vidoa vyeupe na velveti haviishi bila samaki. Matumbawe, kamba na konokono wabaki, samaki wote wakae nje kwa wiki 11. Wote, hata yule anayeonekana mzima. Watu huniuliza kama wiki sita hazitoshi. Waliojaribu sita ndio walionipigia tena.

Bado haieleweki? Angalia haya

*Wamekufa wote ndani ya saa chache, na una jongoo bahari.* Mtafute. Akinyonywa na pampu au akifa tangini, anaweza kutoa sumu inayoua samaki wote. Bunju wa sanduku naye hutoa sumu akiwa na hofu. Badilisha maji mengi, weka mkaa mwingi.

*Maji yamekuwa meupe kama ya kunawia mchele, na samaki wako juu wanahema.* Bakteria wamelipuka, mara nyingi baada ya kuzidisha dawa ya kupunguza nitrati, au sukari au vodka ambazo wengine hutia kwa kazi hiyo hiyo. Wao ndio wanaomaliza oksijeni. Hewa, hewa, na skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, iwake usiku kucha.

*Umeme ulirudi na samaki wakafa baada ya hapo.* Kama una kichujio cha mtungi uliofungwa, maji yaliyokaa ndani kwa saa nyingi yameishiwa oksijeni na bakteria wamekufa. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

*Anapotea mmoja mmoja bila maiti, na usiku unasikia mlio kama kucha ikigonga kioo.* Huenda kuna kamba mwindaji aliyekuja ndani ya jiwe. Tochi yenye karatasi nyekundu, saa sita za usiku, na subira.

*Samaki mpya anakufa ndani ya siku moja baada ya kufika.* Hili linatugusa sisi kuliko wengine. Samaki aliyetoka pwani kupitia Nairobi hadi Malaba amekaa kwenye mfuko saa nyingi. Pumzi yake imejaza kaboni dayoksaidi, pH imeshuka, na pH ya chini imeifanya amonia yake isiwe kali. Ukifungua mfuko, kaboni dayoksaidi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inakuwa sumu akiwa bado ndani. Ndiyo maana ule mtindo wa kudondosha maji tone tone kwa saa mbili, unaofaa kwa samaki wa duka la jirani, unamuua msafiri wetu. Muulize muuzaji chumvi ya mfuko wake siku moja kabla, ilinganishe na ya tangi la wagonjwa, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 ukiwa umefungwa ili joto lilingane, fungua, mtoe kwa mkono wenye glavu au chombo, mwingize. Maji ya mfuko yaende chooni. Taa zizimwe mpaka kesho, na akae hapo wiki nne hadi sita kabla ya kuwaona wenzake.

Na kama ndani ya mzigo kuna matumbawe magumu, dai karatasi zake. Yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mzigo usio na kibali ukizuiwa mpakani kwa siku mbili, hatua zote hizi tisa hazitakusaidia kitu.